Risasi Isiyo na Kiuno

Nilipokuwa mtoto kule Mutsamudu nilijua, kwa uhakika ule ule niliolijulia jina la mama yangu, kwamba risasi ikikosa shabaha haianguki chini. Inaendelea na safari. Inapita juu ya mapaa, inavuka bahari bila kutaka maji wala chakula, mpaka imkute ndugu wa yule aliyeipiga, na hapo ndipo inapotua. Habari hii niliipata kwa kinyozi wetu, Bwana Hamidu, mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, ambaye hakuwahi kunyoa kichwa kimoja kwa hadithi zinazopungua tatu. Na ushahidi alikuwa nao. "Mnawasikia hao wazungu wa kukodiwa waliokuja Moroni na bunduki," alisema, huku amenishika sikio nisitikisike. "Kuna hata mmoja mwenye mama hapa? Mwenye shangazi? Hakuna. Ndiyo maana huchaguliwa watu wasio na ndugu visiwani. Risasi zao zikikosa zinazunguka weee, hazipati wa kumwangukia, zinachoka zenyewe." Wazee waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu walicheka mpaka mmoja akavua kofia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu ndugu zangu.

Haya yamenirudia juzi tu, kwa sababu ya harufu. Nilikuwa napita nyuma ya karakana ya betri za magari hapa Moroni, fundi ameweka sufuria juu ya mkaa anayeyusha risasi, yale madini yenyewe, na ile harufu yake nzito yenye utamu wa kuchefua ikanisimamisha. Nikakaa juu ya tairi bovu kama mzee wa miaka mia mbili. Fundi akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia ninayo, ili aniache.

Harufu ile ni ya Mjomba Shaibu. Kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto ni wa nyumba ya mama yake, na mwenye neno juu ya nyumba hiyo ni kaka wa mama. Baba anaweza kuzungumza mchana kutwa. Mjomba akikohoa, shauri limekwisha. Wetu alikuwa fundi wa cherehani, wa kushona na wa kuzitengeneza, na karakana yake ilikuwa ndani ya mji wa kale, katika uchochoro mwembamba kiasi kwamba mtu mnene alilazimika kutoa pumzi kwanza ndipo apite. Humo ndani, juu ya misumari miwili, ilining'inia bunduki ya upepo. Meneja Mfaransa wa shamba la milangilangi alimwachia wakati wa kuondoka, malipo ya kutengenezewa cherehani ya mkewe. Ilikuwa ya kuvunja katikati: unainamisha mtutu, unaweka kidonge, unaurudisha, unalenga. Mjomba aliitumia kuwafukuza kunguru na panya kwenye mikarafuu ya watu, na kwa bunduki hiyo alimfundisha kaka yangu Bakari kulenga.

Bakari alinizidi miaka tisa. Nasema kweli, au jirani na kweli: alikuwa akimpiga panya juu ya mnazi jicho la kushoto, kwa kuwa la kulia aliona mtu yeyote angelipata. Sasa wale wazungu wa Moroni walipoanza kukusanya vijana wa visiwani wawe walinzi wa rais, Bakari akataka kwenda. Mama alikataa. Alikataa asubuhi, akakataa mchana, akakataa huku anatwanga mpaka tukadhani kinu kitapasuka. Mwisho akaitwa Mjomba, akakaa barazani, akanywa chai yote, akakohoa.

"Kijana mwenye jicho kama hili," alisema, "atakaa hapa awinde kunguru mpaka lini?"

Bakari akapanda meli.

Barua zake zilisomwa karakanani kwa sauti, na wateja waliacha vitambaa vyao wasikilize. Alituandikia kwamba kambini yeye ndiye mlengaji wa kwanza. Kwamba wazungu humwita awaonyeshe wageni anavyolenga. Kwamba mkubwa wao alimtundikia kitufe cha shati kwa hatua mia mbili, naye akakitoa bila kuuharibu uzi. Barua moja ndiyo aliyoisoma Mjomba mpaka ikakatika kwenye mikunjo: "Mjomba wangu mpenzi, kwa bunduki niliyopewa hapa, ile yako naiona haiwezi kuupiga Msikiti wa Ijumaa hata ukiwa umesimama ndani. Nikija likizo tutashindana, na atakayeshindwa atafua nguo za mwenzake mtoni mbele ya wanawake."

Mjomba alicheka siku nzima. Jioni akanitazama. Jicho lake la kulia lilikwisha kuingia utando, lile la kulengea.

"Utapiga wewe," aliniambia. "Mimi nitatengeneza, wewe utapiga. Tutamfulisha nguo huyo."

Nilikuwa na umri wa kupoteza ndala kila wiki, na hakuna mtu aliyewahi kunipa jambo kubwa kama hilo.

Tatizo lilikuwa risasi. Vidonge vya dukani vilikuwa na kiuno: kichwa cha mviringo, kiuno chembamba, halafu nyuma sketi iliyo tupu ndani, ambayo upepo huitanua ikaubana mtutu. Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka, na mifereji hiyo ndiyo inayokipa kidonge mzunguko, kikaenda mbele kimetulia kama pia. Lakini vidonge hivyo vilikuwa vimekwisha Mutsamudu nzima. Vilibaki saba katika kopo, na Mjomba alivificha kama dhahabu ya bibi harusi. Akaamua kuyeyusha vya kwetu kutokana na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Sasa fundi wa cherehani, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kuchonga kalibu ya kumiminia kitu chenye kiuno na sketi. Alichoweza ni kutoa risasi nene iliyonyooka, fupi kama kichwa cha penseli, mwili mmoja juu mpaka chini. Tukaiita isiyo na kiuno.

Baada ya sala ya alasiri tulipanda ngazi za mawe mpaka chini ya ngome, penye ukuta wa kale unaotazama bahari. Mjomba aliegemeza ubao ukutani, akabandika karatasi ya daftari aliyoichorea duara kwa kikombe cha kahawa, akanilaza juu ya kifuko cha mchanga kwa hatua ishirini. Kwanza tulipiga vitatu vyenye kiuno, ili tujue bunduki yenyewe ina akili gani. Matundu matatu yalikaa pamoja, ukucha wa kidole gumba ungeyafunika. Kisha tukapiga zetu. Ya kwanza iliipata karatasi kwenye pembe, na tundu lake halikuwa duara. Lilikuwa refu, kama tundu la kifungo.

Mjomba aliiinua karatasi kwenye mwanga. "Imefika imelala," alisema. "Umeona? Imeingia kwa ubavu."

"Kwa nini?"

"Mtutu huu ulitengenezewa wenye kiuno. Mifereji yake inazungusha polepole. Hii yetu ndefu na nzito, inataka kuzungushwa sana, haipati. Basi inatoka inayumba kama mtu aliyeshuka melini."

Watu wengine wangeishia hapo. Mjomba alianza hapo. Alizikata fupi. Alizitoboa nyuma kwa msumari wa moto ili ziwe na namna ya sketi. Alizipaka mafuta ya nazi, akazipima kwa mizani ya sonara jirani yetu, akazitenga katika makopo ya dagaa, nyepesi huku, nzito huku. Kila siku tulipiga kumi na mbili, na kila siku tulizichimbua zote kumi na mbili ubaoni na chini ya ukuta, tukazirudisha sufuriani, kwa kuwa risasi ya kuyeyusha haikuwa nyingi. Ndiyo iliyokuwa kanuni yetu: hatuondoki mpaka zirudi zote. Nilizijua zile risasi kuliko nilivyowajua wanafunzi wenzangu.

"Mkono unatetemeka," alikuwa akiniambia. "Umekula nini?"

"Sijala."

"Ndiyo maana. Kale kwanza, halafu utetemeke kwa sababu nyingine."

Au nikipiga vibaya sana: "Vizuri. Hata kunguru wa kule mbali Domoni watakuwa wamekusikia, wameanza kufunga mizigo."

Sijui zilikuwa wiki ngapi. Kwa hesabu ya moyo wangu ni miaka kumi na minne. Lakini siku moja matundu yakaanza kuwa duara, na siku nyingine matano yakakusanyika, Mjomba akafunika yote kwa kizibo cha chupa ya soda, akabaki ameinama hivyo hivyo, kidole juu ya kizibo, kama anaogopa yasije yakakimbia. Usoni mwake sikuwahi kuona furaha ya namna ile, hata siku ya harusi ya binti yake. Usiku ule ule akamwandikia Bakari: "Njoo na bunduki yako, na sabuni."

Alhamisi tukarudi nyuma hadi hatua thelathini. Kumi na moja zilikwenda sawasawa. Ya kumi na mbili nikavuta pumzi, nikasema bismillahi, nikabonyeza. Hatukusikia ubao. Hatukusikia ukuta. Tulisikia bahari tu kule chini. Ubao ulikuwa na matundu mapya kumi na moja tu, na ukuta hauna alama mpya. Tulitafuta kwenye majani, kwenye nyufa, Mjomba amepiga magoti anapapasa udongo kwa vidole kwa sababu ya macho yake, mpaka jua likagusa maji. Mwishowe akanyooka ameshika kiuno, akanipangusa vumbi kichwani.

"Iache," alisema. "Labda imekwenda Moroni kumsalimia Bakari."

Alicheka. Nami nikacheka kwa adabu. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu tena ndugu zangu.

Jumamosi mchana redio ilisoma matangazo ya vifo. Miaka ile habari za msiba zilivuka toka kisiwa hadi kisiwa kwa njia hiyo, na nyumba zote zilinyamaza wakati huo, hata watoto wachanga walijua. Tulikuwa karakanani. Tukasikia jina la ukoo wetu, wa Mutsamudu, kisha jina la Bakari, kisha kwamba alifariki jana Moroni na amekwisha kuzikwa. Mjomba alikuwa na gurudumu la cherehani mkononi. Aliliweka juu ya meza taratibu sana, kama lingeweza kuamka. Halafu akanishika mkono tukaenda kwa mama, na njia nzima aliubana kama anayenipeleka kwa kadhi, na mimi nilidhani amejua.

Mama hakupiga kelele. Aliutoa moto chini ya wali, akakaa mbele ya mafiga mpaka jivu likapoa.

Wiki iliyofuata akaja askari na begi la Bakari. Alisimama mlangoni, akasema maneno mawili: "Amefia kazini." Hakuna aliyemwuliza kazi gani, wala amefia vipi. Wakati ule mtu hakuuliza habari za kambi ya wale wazungu. Uliuliza bei ya mchele ukarudi nyumbani. Kila mmoja alilichukua neno hilo akaenda nalo pembeni akamalizia mwenyewe, na wote tulimalizia kwa risasi. Watu wazima waliwaza risasi ya askari. Mimi niliijua hiyo risasi kwa uzito wake. Niliipaka mafuta ya nazi mwenyewe. Nilipiga hesabu kwa vidole chini ya shuka: ilitoka Alhamisi magharibi, ikapumzika kisiwa cha Mwali, ikamkuta Ijumaa.

Sikuigusa tena ile bunduki. Sikukanyaga tena karakanani. Mjomba alikuja nyumbani kila Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa mimi nilikuwa na haja ya ghafla ya kwenda mahali.

"Mwanangu, twende tukapige mbili tatu."

"Sitaki."

"Unataka nini basi?"

"Sitaki kitu."

Ijumaa moja alinikuta kabla sijatoroka. Alikaa karibu yangu, akatoa lile kopo mfukoni, akalifungua juu ya mkeka. Vilikuwa vinne, vile vya mwisho vyenye kiuno. "Nimekuletea hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Hivi haviyumbi. Ni vyako." Nikasimama, nikapanda darini, nikafunga mlango. Niliporudi alikuwa ameondoka, kopo liko palepale. Nimesikia baadaye kwamba siku hiyo hiyo alishuka mtoni akaitupa kalibu. Tangu hapo kila alipokuja nyumbani alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mtoto wa jirani.

Ni ajabu jinsi miaka inavyoweza kupita juu ya jambo kama hilo. Nilikua, nikaota masharubu. Kichwa changu kilikwisha kuelewa kwamba risasi ya bunduki ya upepo haivuki hata bandari ya Mutsamudu. Tumbo langu halikuelewa. Na nimwendee mzee mzima nimwambie nini? Siku nilipoondoka kuja Moroni kutafuta kazi, Mjomba alinifuata gatini, anaongozwa na mjukuu, macho yote mawili yamekwisha kufunga. Akamtuma mtoto akanunue maji. Tulipobaki wawili akasema, uso ameuelekeza kando kidogo ya nilipokuwa:

"Najua kwa nini hukunitazama miaka yote."

"Mjomba, si hivyo."

"Ni hivyo. Mama yenu alikataa, mimi nikaruhusu. Na jicho lile ni mimi niliyelifundisha. Nisingemfundisha, wasingemchukua. Una haki kuninyamazia. Mimi mwenyewe najinyamazia."

Neno lilinifika mdomoni. Mimi ndiye niliyempiga, Mjomba. Lilikuwa neno dogo tu, lingetoka kwa pumzi moja, naye angecheka au angelia, na chochote kati ya hivyo kingetosha. Meli ikapiga honi. Nikambusu mkono, nikapanda.

Hapa Moroni nilibeba magunia mchana, jioni nikasoma darasa la watu wazima, nikapata cheti nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu na mgongo uliovunjika mara saba, kwa makadirio yangu. Nilikuwa najifunza kuandika barua, na kila barua ya mazoezi nilimwandikia Mjomba, kisha nikaichana. Niliwaza nitasubiri niandike vizuri. Alifariki msimu wa mvua. Safari hii pia niliisikia kwenye redio, nimesimama bandarini na gunia la mchele begani.

Mama ndiye aliyenitumia ujumbe baada ya arobaini: hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsomea Bakari Fatiha juu ya kaburi lake, nami niko kisiwa hichohicho, naona sawa? Nikaanza kuuliza. Wale wazungu walikuwa wamekwisha kuondoka na watu wameanza tena kujibu maswali. Niliuliza misikitini miezi miwili, mpaka imamu mmoja akaniambia vijana wa kambini wasiokuwa na ndugu hapa kisiwani Ngazidja walizikwa mji wa Ikoni, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa huko, Mzee Ahamada, aliyekuwa akiwachukua ili wasizikwe ovyo.

Nilimkuta mlangoni kwake anakatakata vitunguu kwa ajili ya wajukuu, kisu kinakwenda mbio bila yeye kukitazama. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Bakari wa Mutsamudu, aliyefia kazini. Akaweka kisu chini, akasema, "Una masikio yake." Akanipeleka. Lilikuwa kaburi dogo lililopangwa mawe meusi, na palikuwa pamefagiliwa. Nilisoma nilichoweza kusoma. Kisha, sijui kwa nini kwa huyu na si kwa mwingine, nilimwambia yote: kinyozi, ukuta chini ya ngome, ya kumi na mbili, Mjomba na kopo lake, maneno ya gatini. Nilimaliza nikajitayarisha kuchekwa. Hakucheka.

"Nani aliwaambia alipigwa risasi?" aliuliza.

Nikawaza. Hakuna aliyetuambia. Nikamweleza habari za barua, kitufe cha shati, wageni walioitwa wamtazame.

Mzee aliketi juu ya ukuta wa makaburi, akafuta mikono yake iliyonuka vitunguu.

"Mwanangu," alisema, "kaka yako hakupewa bunduki hata siku moja. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi, na yeye alikuwa msaidizi wangu. Siku ya kwanza walimwuliza anajua kazi gani, akasema anajua kulenga. Wakacheka, wakamleta kwangu akamenye viazi. Zile barua alikuwa akiandika mezani kwangu, ananisomea, tunacheka wote. Alishikwa na homa Jumatatu. Alhamisi hakunijua tena. Ijumaa asubuhi kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nimekaa hapa Ikoni miaka yote hii na hakuna mtu wa Mutsamudu aliyekuja kuniuliza. Alikufa kwa malaria."